Kujaza Mpaka Shingoni

Mama ndiye wa kwanza kuiona ile taa. Hakuwa mjuzi wa magari. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mguu wake nimeupakata mapajani, na kutoka pale, baina ya viti viwili vya mbele, kitu pekee alichoweza kukitazama ni dashibodi. "Kibirika kimewaka," alisema. Baba, aliyekuwa akiendesha, akajifanya hakusikia. Taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa, kweli ina umbo la birika lenye mdomo, na tangu siku ile nyumbani kwetu haikuitwa jina jingine.

Sisi ni watu wa Msuka, kule juu kabisa kaskazini, na hospitali tuliyoandikiwa iko Chake. Mama ana sukari. Wakati ule alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, kilichoanza kama lengelenge la kandambili, kikakataa kupona. Siku moja tunakwenda kusafisha, siku moja tunapumzika, halafu tunakwenda tena. Daktari alitwambia wazi: kidonda kikisafishwa bila kukosa, mguu utabaki. Kikiachwa kikaingia mfupani, watakata. Aliyasema hayo mbele ya mama, kwa sababu mama mwenyewe alimwambia asimfiche.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na niliporudi kwa wazazi baada ya ndoa yangu kuvunjika nilidhani nimekwenda kupumzika. Mwalimu mkuu alinipangia vipindi vyote siku zisizo za hospitali, kwa hiyo siku moja nilisimama mbele ya darasa na siku ya pili nilikaa nyuma ya gari na mguu wa mama. Nilichoka uchovu ambao haukuondoka kwa kulala. Nilikuwa nikisahihisha madaftari njiani, na wanafunzi wangu walijua ukurasa wenye vema za kupindapinda umesahihishwa kwenye mashimo ya barabara.

Gari yenyewe ni ndogo, ya Kijapani, imekuja kisiwani ikiwa imeshatumika na watu wengine huko. Baba aliinunua alipoacha kuendesha lori. Ameendesha lori umri wake wote, karafuu na saruji, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno juu ya gari akalikubali palepale. Kwa hiyo kibirika kilipowaka, alichofanya ni kukipiga kidole mara mbili juu ya kioo, kama mtu anayemgutusha aliyesinzia msikitini, na tukaendelea na safari.

Taa peke yake tungeivumilia. Tatizo lilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya petroli, nzito, yenye kukaba, na ilijaa zaidi nyuma tulikokaa sisi. Tukifungua madirisha linaingia vumbi, tukiyafunga mama anatapika. Mgonjwa wa sukari akitapika alichokula baada ya kuchoma sindano yake, hapo pana mtihani mwengine, na mara mbili tulifika hospitali anatetemeka, wakamshughulikia kwanza sukari kabla hawajagusa kidonda. Alianza kuiogopa gari. Usiku wa kuamkia safari alikuwa hali chakula vizuri, na asubuhi nikimvisha buibui namwona anameza mate.

Baba alitafuta dawa kwa njia zake. Alimletea mama maua ya vilua, akavitundika kwenye kioo cha mbele, na kwa muda kidogo gari ikanuka vilua na petroli, jambo ambalo sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kuwa baya kuliko petroli tupu. Asubuhi nyingine nilitoka nikamkuta anakuja na chetezo, makaa mekundu, udi juu yake unafuka, ameshafungua mlango wa nyuma. Alitaka kuifukiza gari kama anavyofukizwa bwana harusi. Nilimpokonya chetezo kwa mkono mtupu, nikaungua, na nikamsemesha kwa sauti ambayo mtoto hamsemeshi nayo baba yake. Alikwenda kuniletea maji ya baridi ya kutia mkono.

Tulimpelekea gari fundi mmoja wa Wete, mtu wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alikuwa na kile kidude cha kupimia, unakichomeka chini ya usukani nacho kinazungumza na simu. Alisalimiana na baba salamu ndefu, akauliza hali ya mama, akauliza hali ya mguu, kisha ndipo akauliza gari.

"Mzee, injini yako inakunywa mafuta mengi kuliko hewa," alisema akitazama simu. "Ndivyo inavyosema."

"Kwa sababu gani?" nikauliza.

"Sababu haisemi, mwalimu. Yenyewe husema inapoumwa tu. Sababu ni kazi yetu."

Akaifuta ile taa kwa simu yake. Tukarudi nyumbani tukiwa na furaha ya kipumbavu. Haikupita juma, kibirika kikawaka tena, na mama akasema "Chai tayari," kwa sauti isiyokuwa na mzaha ndani yake.

Mara ya pili fundi alibadilisha kipua cha kwenye bomba la moshi. Ni sensa inayonusa moshi na kuiambia injini ipunguze au iongeze mafuta, na fundi alidhani ya kwetu imezeeka, inadanganya. Ilibidi isubiriwe kutoka Unguja. Ilipofika akaifunga, taa ikazimika, na safari mbili tatu tukaenda salama, nami nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Kisha petroli ikanuka tena na kibirika kikarudi mahali pake.

Mara ya tatu akasema tutoe masega. Hicho ni chombo kilicho katikati ya bomba la moshi, ndani kina vitundu vitundu mfano wa masega ya nyuki, na kazi yake ni kusafisha moshi kabla haujatoka. Kwetu watu wengi huyatoa. Gari ikisumbua kidogo tu, utasikia masega yameziba, na masega ya watu wangapi yametupwa kisiwa hiki mimi sijui, lakini mafundi wanajua.

"Yakitolewa, harufu itapungua?" nikamuuliza.

Fundi alifikiri. Nilimpenda kwa kule kufikiri. "Harufu itazidi kidogo," alisema. "Lakini gari itakuwa nyepesi."

Nikamwambia sisi hatutaki gari nyepesi, tunataka mtu afike Chake bila ya kutapika. Baba alinikata jicho, kwa sababu palikuwa na wanaume wengine pale na mimi ndiye niliyekuwa nazungumza. Tukaondoka na masega yetu.

Asubuhi iliyofuata mama alikataa. Nilimkuta amekaa kitandani, hajavaa, mguu ameufunika kwa kanga. "Leo sendi," alisema. Nikadhani ni ya siku moja. Safari ya pili pia akakataa. Mgonjwa haulizwi uji, wamesema wakubwa, lakini mwenye kusema hivyo hajamwona mama yangu akiamua jambo. Nilimbembeleza, nikamtisha kwa maneno ya daktari, nikamwambia nitamwita kaka yangu kutoka Unguja. Akaniambia nimwite tu, naye atakuja kuinusa. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimchukia yeye, nikaichukia gari, nikamchukia baba aliyekuwa uani anaifuta vumbi, kana kwamba uchafu ndio ugonjwa wake.

Kilichomtoa mama ndani ni kidonda chenyewe. Kilianza kunuka, naye ni mtu msafi, hakuweza kukivumilia. Wakati huo mafuta yalikuwa haba. Meli ilikuwa haijaja, vituo vyote vimefunga kamba, na gari yetu ilikuwa na kidogo tu tangini. Baba alihesabu njia kichwani mwake, akasema tutafika na kurudi kama hatutazima njiani. Tukaenda. Mama alikaa na kipande cha ndimu puani, akisubiri kichefuchefu. Tulipofika Konde akaishusha ndimu. Tulipopita Wete akauliza kwa nini baba haendi mbio. Tukafika Chake hajatapika.

Siku ya pili yake meli ikaja. Hapa lazima niseme tunavyojaza mafuta kwetu, kwa sababu mtu wa bara anaweza asinielewe. Meli ikichelewa kisiwa kizima hukaa na wasiwasi, na ikija kila mtu anataka kuondoka na mafuta yote anayoweza kuyabeba. Pampu ikikata, yaani ule mkono ukijifunga wenyewe kwa kuwa tangi limejaa, hapo ndipo kazi inaanza. Wanaume wanashika gari huku na huku na kuitikisa. Mafuta yanashuka, povu linatulia, mwenye pampu anaongeza. Wanatikisa tena, anaongeza tena, mpaka unayaona yanameremeta mdomoni pa tangi. Baba ni bingwa wa mambo hayo. Akiba haiozi, ndiyo kauli yake, na alikuwa haondoki kituoni mpaka tangi limejaa hadi shingoni.

Basi aliijaza hivyo, na safari iliyofuata hatujafika Konde mama akatapika kwenye mfuko. Alipomaliza akajifuta mdomo, akasema, "Hino gari ikishiba ndo hunuka. Ikiwa na njaa hainuki."

"Unasemaje, mama?"

"N'shakwambia. Ikishiba hutapika, kama mie."

Baba alicheka kidogo, kicheko cha kumwachia mgonjwa maneno yake. Mimi sikucheka. Nilianza kurudi nyuma kichwani: siku taa ilipowaka mara ya kwanza, siku iliporudi baada ya kufutwa, siku iliporudi baada ya sensa. Kila moja ilikuwa imetanguliwa na kujaza mafuta. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa na macho, ila yalikuwa kwenye madaftari.

Tukiwa tunarudi nilimwomba baba apite kwa fundi. Nikamweleza fundi alivyosema mama, na mama kutoka ndani ya gari akayarudia mwenyewe, asije akadhani nimeyatia chumvi. Fundi alisimama ameshika tambara.

"Mzee, kwani mnajaza vipi?" aliuliza.

"Mpaka shingoni," baba alisema. "Na twaitikisa vizuri. Kwani iweje, yakhe?"

Fundi alimsaidia mama kushuka na kumkalisha kwenye kiti, akaiinua gari nyuma kwa jeki, akaingia chini. Alitoka na kopo jeusi la plastiki, na mpaka hapo nilikuwa sijui kama gari ina kitu kama hicho. Aliliinamisha juu ya beseni. Kikatoka kijito cha petroli, na nyuma yake chembe nyeusi za makaa.

Akatueleza. Tangi la mafuta lazima lipumue, na zamani lilipumua hewani tu. Gari hizi za sasa haziruhusiwi kuchafua hewa, kwa hiyo pumzi ya tangi inapitishwa kwenye kopo lenye makaa. Makaa yananyonya ule mvuke, na injini ikichemka inauvuta ikauchoma. Kopo limetengenezwa kwa mvuke tu. Mtu akijaza mpaka shingoni, petroli yenyewe inaingia mle, makaa yanalowa, injini inavuta mafuta ambayo haikuagiza. Ndiyo maana ikasema inakunywa kupita kiasi. Na yanayobaki yananuka, na kopo lipo nyuma, chini ya kiti cha Bi mkubwa.

"Lori langu nikilijaza hivyo hivyo," baba alisema. "Miaka na miaka."

"Lori lako halikuwa na kopo, Mzee. Hata mie hino yangu huitikisa. N'talitazama la kwangu."

Alisema vile kumwondolea baba aibu, nami nilimshukuru moyoni. Lakini baba hakuwa na aibu ya kutojua. Alikuwa analitazama lile beseni, na mimi nilijua anaona nini, kwa sababu jambo lile nyumbani kwetu halizungumzwi lakini hakuna aliyelisahau.

Miaka ya nyuma, kabla ya kidonda, mafuta yalituishia njiani. Mimi sikuwapo, walikuwa wao wawili, wakitoka kuchukua dawa za mama. Ulikuwa wakati kama huo wa meli kuchelewa. Gari ilizima mahali penye mikarafuu mitupu, hakuna nyumba. Baba alichukua dumu akaenda kwa miguu, akamwacha mama ndani ya gari. Alikawia. Sukari ya mama ikashuka. Baba aliporudi alimkuta amelowa jasho, mdomo umepinda, hamjui yeye ni nani, na pembeni yake kuna mwanamke mchuma karafuu anamtafunisha muwa kipande kwa kipande. Mwanamke yule ndiye aliyemwokoa. Tangu siku hiyo baba hakuondoka tena kituo cha mafuta bila ya kuitikisa gari. Alikuwa anamjazia mama.

Na sasa amesimama mbele ya beseni, ameambiwa kwamba kule kumjazia ndiko kulikomfanya mama aogope kwenda kutibiwa.

Fundi alipata kopo kutoka gari iliyogongwa Chake, akalifunga, akaifuta taa. Haikurudi. Lakini ile miadi miwili tuliyoikosa ilikuwa imeshafanya kazi yake. Daktari alikichunguza kidonda kwa muda mrefu, akasema kidole hakiwezi kubaki, kidonda kimeingia mfupani. Mguu bado unaweza, kama hatutakosa tena. Mama akauliza kidole kimoja tu? Akajibiwa kimoja. Akasema alhamdulillahi, kikateni. Baba alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta amesimama karibu na gari, kiganja kimewekwa juu ya boneti. Nilikuwa nimechoka mno hata kumhurumia sawasawa. Nilisimama naye tu.

Siku mama aliporuhusiwa tulipita kituo cha mafuta. Mama nyuma, mguu wenye bendeji mpya mapajani mwangu. Palikuwa na foleni, kwa kuwa watu walikuwa wanasema meli ijayo itachelewa, na kila siku watu husema hivyo. Zamu yetu ilipofika baba alishuka. Pampu ikaingia, ikakata. Wanaume wawili wa kwenye foleni wakaja kushika gari huku na huku, kama ilivyo ada, maana asiyemtikisia mwenziwe naye hatikisiwi. Mmoja akamwambia baba, "Haya Mzee, shika nawe."

Baba hakushika, wala hakuwaambia waache. Alisimama na mfuniko wa tangi mkononi. Nilimwona usoni kuwa hajui afanye lipi. Akijaza anamdhuru, asipojaza anamwacha tena kwenye mikarafuu.

Mama akateremsha kioo. "Basi," aliwaambia wale wanaume. "Ahsanteni, wanangu. Yatosha."

Wakaachia. Baba akasogea kwenye dirisha, akainama. "Na yakisha njiani?" alimuuliza, kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa pale pale.

"Yakisha yakishe," mama alisema. "Siku ile sikuogopa sukari. N'liogopa kwa kuwa weye ulikwenda. Yakisha tena usende pahala. Kaa na mie, dumu atachukua mwengine."

Baba alibaki ameinama kwa muda, watu wa nyuma wameanza kupiga honi. Kisha akaenda kufunga tangi. Nilisikia mfuniko ukilia, akaurudia kuukaza, akaingia garini.

Mshale wa mafuta ulisimama chini kidogo ya alama ya kujaa, mahali ambapo kwa baba palikuwa sawa na tangi tupu. Aliutazama mpaka Wete. Baada ya hapo akaacha kuutazama, akawa anamtazama mama kwenye kioo cha ndani, na mimi nikamwambia baba kwamba amelala.